Gari la Kuondokea

Scarborough, 12 Septemba 2004

Kaka Methodius,

Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Abigael na baba mkiwa wazima, mnakula bila kubembelezwa. Sisi tupo. Elaine ametimiza miaka minane, ameota meno mawili makubwa kama ya sungura, na ukimsemesha Kiswahili anaelewa yote kisha anakujibu Kiingereza. Kazi yangu ya kuhudumia wazee kule Markham inaendelea. Wazee wa huku wanapenda kuogeshwa taratibu na kusikilizwa, sawa na wa kwetu tu.

Utashangaa kuona anwani nyingine nyuma ya bahasha. Ni ya Généreuse, jirani yangu Mkongo wa ghorofa ya tisa. Usiandike tena kwa anwani ya zamani, na ukipiga simu zungumzia mvua na misiba. Ombeni husikiliza kwenye simu ya chumbani.

Sasa nikuambie, maana mama hayupo na baba sitaki presha imwue. Shemeji yako ananipiga, na si jambo la juzi. Mwezi wa sita alinivunja jino kwa rimoti ya televisheni. Mwezi wa nane alinishika nywele akanigonga kichwa kwenye mlango wa friji kwa sababu wali ulishika chini, na Elaine alikuwa amekaa pale pale mezani na kijiko mkononi. Wazee wa jumuiya walikuja kutupatanisha. Walikula, wakasali, wakaniambia nipunguze mdomo. Niliona haya kuwaambia kuwa umeshapungua jino.

Nitaondoka. Dada yake Généreuse yuko Ottawa, mwendo wa saa tano kwa gari, na amesema twende. Kwa basi haiwezekani, Ombeni ni mlinzi wa stendi ya mabasi ya mikoani na kila mkata tiketi pale ananijua. Kwa hiyo ni ile Corolla yangu. Wiki pekee ambayo Ombeni hayupo kutwa nzima ni ya Krismasi, stendi inapofurika wakampa zamu mbili mfululizo. Maana yake nitasafiri katikati ya theluji na gari ambalo halijawahi kuiona barabara wakati wa baridi. Kila mwaka Ombeni huliacha limefukiwa nyuma ya jengo mpaka Aprili, eti mwanamke hana safari wakati wa theluji. Mwaka jana nilijaribu kulitoa. Ule mwinuko wa kutokea barabarani ulikuwa umeganda, magurudumu yakazunguka bure, na yeye akasimama pembeni anacheka mpaka akashika tumbo.

Wewe ni fundi. Nielekeze gari linaandaliwaje kwa baridi. Na usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Dorotea


Mwanza, 3 Oktoba 2004

Mdogo wangu Dorotea,

Barua yako imenikuta nikiwa chini ya Fuso la mteja, nikaisoma hapo hapo kwa mikono ya grisi. Sisi hatujambo. Baba amepata mkongojo mpya na anamkemea nao kila apitaye. Gereji inatoa chakula. Abigael anakusalimu, ila mkono wake wa kushoto umefungwa plasta, aliteleza bafuni. Mwanamke huyu haangalii anapokanyaga.

Dada, nimeshikwa na hasira ambayo sijawahi kuiona. Nilirusha spana ikavunja kioo cha Fuso la watu. Huyu Ombeni si ndiye aliyekuja kwetu na mbuzi na pombe ya rubisi, akapiga magoti mbele ya baba, sauti laini kama katekista? Leo anamgonga mtoto wa mama yangu kwenye friji? Mwanaume anayempiga mwanamke ni takataka, hana tofauti na mbwa koko. Naapa kwa kaburi la mama, mkono uliokugusa utalipa. Kama wake uko mbali, wa ndugu yake uko karibu. Kaka yake ana duka la rangi hapa Nyakato na kila siku napita mbele yake.

Haya, gari. Mimi nimeanza kufungua injini wewe ukiwa unanyonya, kwa hiyo sikiliza mimi na si hao wa huko. Betri, safisha vichwa vyake kwa maji ya moto kisha paka grisi. Matairi, punguza upepo, kama tunavyofanya kwenye tope la Biharamulo. Rejeta ndiyo muhimu. Najua watataka kukuuzia maji ya kijani kwenye galoni. Ni biashara tu hiyo. Mwaga yote, weka maji safi ya bomba yaliyochemshwa yakapoa, kama ninavyowawekea watu wote hapa na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Maji ni maji dunia nzima.

Jikaze. Kaka yako nipo.

Methodius


Scarborough, 16 Novemba 2004

Kaka Methodius,

Asante kwa barua na kwa uchungu wako. Mpe wifi pole ya mkono, mwambie nauwazia. Elaine amepata alama nzuri za hesabu na hajui amwonyeshe nani, kwa sababu hapa ndani hatusemi kwa sauti.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwaga maji ya kijani yaliyokuwa yamebaki, nikachemsha maji jikoni, nikayapoza, nikajaza. Tena sikuwa na shaka, maana Ombeni naye kiangazi kizima alikuwa anaongezea maji ya bomba, nikasema wanaume wawili wa Kitanzania hawawezi kukosea pamoja. Kumbe wanaweza. Juzi asubuhi baridi ilishuka, nikakuta rejeta imepasuka, na ndani maji yamekuwa jiwe.

Nilikaa kwenye kiti cha gari nikalia. Halafu nikaenda kwa Anwarali, fundi mwenye gereji nyuma ya maduka ya hapa mtaani. Kazaliwa Mwanza, Kiswahili chake ni cha huko huko. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Akaniambia, "Mama, huyo kaka yako anakupenda sana, lakini asishike tena gari la huku. Maji yakiganda yanafura, chuma kinaachia." Namshukuru Mungu injini imepona. Amepata rejeta ya gari lililokufa, ameweka maji ya kijani yasiyoganda, betri mpya na waipa za baridi. Na matairi. Si ya kupunguza upepo, ni matairi mengine kabisa, mpira wake haukakamai kwenye baridi. Kisha kwa hiari yake amerudisha vile vifuniko vya zamani juu ya magurudumu. "Asiyeinama hataona," akasema. Sikuwa nimemwambia habari ya Ombeni. Aliitazama tu shingo yangu, maana Jumapili Ombeni alinikaba kwa kitambaa changu cha kanisani mpaka nikaona giza. Ufunguo wa akiba unakaa kwa Anwarali.

Sasa nisikilize vizuri, hili ndilo jambo la barua hii. Usimguse ndugu yake Ombeni. Ukimgusa, simu italia huku saa hiyo hiyo, na aliye ndani ya nyumba hii ni mimi, si wewe. Ngoja mpaka nikuandikie kutoka Ottawa. Kama unanipenda, kaa kimya.

Dorotea


Mwanza, 21 Novemba 2004

Mdogo wangu Dorotea,

Jibu lako halijafika, posta wamelala, lakini habari hii haiwezi kungoja. Baba hajambo na bei ya samaki imeshuka.

Jana nilikwenda Nyakato. Nilimkuta kaka yake Ombeni anamchanganyia mteja rangi. Nikamsalimia kwa heshima, nikamwambia, ndugu yako anampiga dada yangu huko Kanada, nami nimekuja kukupa salamu umfikishie. Akasema hayo ni mambo ya mtu na mkewe. Dorotea, sijui hata nilivyoruka ile kaunta. Nilimpiga na kopo la rangi usoni, pua ikaenda upande. Alipoanguka nilimkanyaga kifua. Rangi nyeupe ilimwagika, damu ikaingia humo, sakafu nzima ikawa ya waridi. Walinitoa watu wanne. Nilimwambia mbele ya soko zima kwamba dada yangu ameniandikia kila kitu, jino, friji na yote, na siku Ombeni atakapokanyaga Mwanza atakula yake.

Nimelala usingizi mtamu jana, wa kwanza tangu Septemba. Najua nawe ukisoma hapa moyo wako utatulia, utajua una mtu.

Abigael hakusalimu safari hii, amenuna. Nilirudi nina moto na yeye akaanza maswali mlangoni. Unajua wanawake na maswali.

Kaka yako,
Methodius


Scarborough, 8 Desemba 2004

Methodius,

Usishangae mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Elaine hajambo.

Barua yako ilikuja baada ya simu. Ombeni aliongea na ndugu yake taratibu, akamwambia pole, akaweka simu chini kwa adabu zote. Akamwingiza Elaine bafuni na kufunga mlango. Akavaa viatu vyake vya kazi, vile vyenye chuma mbele. Alikaa kitako kufunga kamba, mimi nikimwangalia. Mkono wangu wa kulia umevunjika kwenye kifundo, na mbavu mbili. Kila alipopiga alisema, "Mwandikie na hili." Hospitali nilisema niliteleza kwenye barafu, kwa sababu yeye alikuwa amesimama pale akinishikia koti.

Ameuchukua ufunguo wa gari. Anasema mwaka ukigeuka analiuza. Hajui habari ya ufunguo wa akiba wala ya Ottawa.

Unasema nikisoma moyo utatulia. Umelala usingizi mtamu, na mimi ndiye nimeulipia. Siku ya kuondoka iko pale pale, tarehe ishirini na tatu. Gari la automatiki mtu huendesha hata kwa mkono mmoja. Usiandike chochote mpaka usikie kutoka kwangu.

Dorotea


Mwanza, 2 Januari 2005

Mdogo wangu,

Umesema nisiandike na nimeshindwa. Barua zako mbili zimefika siku moja, ile ya Novemba na ile ya mkono wa kushoto, zimefungwa kwa mpira mmoja. Kwanza nikasoma ya kuniomba nikae kimya, halafu nikasoma ya pili. Baba ameniwekea dhamana kwa kesi ya Nyakato na hanisemeshi.

Nimelia, Dorotea, kisha nimekunywa. Mwaka mpya umenikuta vibaya. Lakini nani alijua yule mwoga angepiga simu haraka hivyo? Wa kulaumiwa ni wao.

Abigael yuko hospitali, taya limeumia, alianguka kwenye ngazi. Watu wa mtaani wameanza maneno, hujui wanavyopenda maneno.

Niambie tu kama uko hai.

Methodius


Ottawa, 30 Januari 2005

Kaka Methodius,

Niko hai. Elaine yuko hai, ameanza shule mpya, na jana amecheka kwa sauti chumba cha pili mpaka nikashtuka. Dada yake Généreuse ametupa chumba chenye dirisha. Plasta imetolewa.

Nitakusimulia mara moja tu. Tarehe ishirini na tatu Ombeni alitoka alfajiri kwenda zamu zake mbili. Anwarali akaleta ufunguo mwenyewe, akaisafisha Corolla theluji na kuiwasha, ikawaka mara ya kwanza. Tulipokuwa tunapakia mabegi dhoruba ikazidi. Mimi niliandaa gari lishinde theluji, sikufikiria kwamba theluji hiyo hiyo itasimamisha mabasi yote na kuwarudisha walinzi nyumbani. Anwarali alikuwa ameshaondoka. Nimemfunga Elaine mkanda, nimekaa, nimeinua macho, Ombeni huyo anashuka kwenye mwinuko amevaa sare.

Aliokota koleo la theluji lililokuwa limeegemezwa ukutani. Alilipiga dirisha la upande wangu, vioo vikaniingia mapajani, akaingiza mkono kunishika koo. Nilimng'ata kidole mpaka nikasikia ladha ya damu, akautoa. Ndipo akaenda kusimama mbele ya gari, katikati ya mwinuko, koleo begani, akaanza kucheka kama mwaka jana. Alijua gari haliwezi kupanda hapo. "Haya, nenda," akasema. "Nenda nikuone." Nyuma yangu Elaine akasema, "Go, Mummy." Hakupaza sauti.

Nilikanyaga mafuta. Magurudumu hayakuzunguka hata mara moja, yalishika, gari likapanda kama linapanda lami ya Julai. Nilimwona akiacha kucheka. Angeweza kuruka pembeni lakini hakuamini. Bampa ilimpata gotini, akaangukia boneti, uso wake ukaja karibu na wangu, kioo tu kati yetu, kisha akateremka ubavuni mwa gari. Nilisimama juu barabarani, nikatazama kwenye kioo. Alikuwa anatambaa na kunitukana. Généreuse alikuwa kwenye roshani yake na simu sikioni, anaita gari la wagonjwa. Nikaenda. Dirisha tuliliziba kwa mfuko wa plastiki na tulitetemeka njia nzima mpaka Ottawa.

Kesho yake nilikwenda polisi mwenyewe, nikaeleza yote, mkono, mbavu, shingo na goti lake. Wakaniambia yeye ameshahojiwa hospitalini na ameapa kwamba aliteleza kwenye barafu. Aliona haya kusema amegongwa na mke. Kesi yake ya kunipiga inaendelea, na amekatazwa kunikaribia.

Sasa nakuja kwako. Lile goti lake lilipolia kwenye bampa, nilifurahi. Sikufurahi kwa kuwa tumeokoka, hapana, nilifurahia goti lenyewe, na kwa dakika moja nilitaka kurudi kinyumenyume juu yake. Mguu wangu ulikuwa tayari. Furaha ile imeniogopesha kuliko Ombeni, kwa sababu niliitambua. Ndiyo ile uliyolala nayo usingizi mtamu ulipotoka Nyakato.

Nimetandika barua zako zote kitandani nikazisoma kwa mfululizo. Mimi niliteleza kwenye barafu. Ombeni aliteleza kwenye barafu. Abigael aliteleza bafuni, halafu akaanguka kwenye ngazi. Kaka, nyumba yako haina ngazi. Nimeishi humo, najua hata mlango unaokwama. Uliniandikia kwamba mwanaume anayempiga mwanamke ni takataka, na mstari wa juu yake ulikuwa umeniambia habari ya plasta ya mkeo. Unampiga, Methodius. Unampiga kama mimi nilivyopigwa, na ulipotoka kunitetea ulirudi nyumbani ukamalizia kwake.

Nakupenda, ndiyo maana sikuzungushi. Acha.

Dorotea


Mwanza, 27 Februari 2005

Dorotea,

Sina salamu. Umekaa huko na Wazungu umejifunza kumhukumu kaka yako aliyekubeba mgongoni. Mimi na Ombeni si sawa. Mimi namlisha, namvisha, na nikimgusa nina sababu.

Abigael alipotoka hospitali nilimwachia ufunguo wa nyumba nikaenda Geita kuchukua injini. Niliporudi hakuna mtu. Amechukua cherehani na nguo zake. Kwao wanasema hawajamwona, na wananitazama kana kwamba nina ugonjwa. Nilimpiga shemeji yangu, mdogo wake Abigael, kidogo tu, ili aseme, hakusema.

Katibu wa parokia anasema mwezi huu Abigael alipokea, kupitia sanduku la parokia, barua yenye stempu ya Kanada. Usinidanganye. Wewe unajua alipo. Nakuuliza kama kaka yako mkubwa, na nataka jibu la mstari mmoja. Mke wangu yuko wapi?

Methodius


Ottawa, 20 Machi 2005

Kaka Methodius,

Salamu mimi ninazo, na nakupa. Natumaini baba anakula na kwamba amekusemesha. Huku theluji imeanza kuyeyuka, maji yanapita mchana kutwa chini ya dirisha letu. Nimepata kazi kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu, naenda kwa miguu. Corolla nimeiuza kwa mwanafunzi wa Burundi, nikamwonya kuhusu rejeta.

Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni, na nikajikuta nimeinamisha shingo kama nilivyokuwa nikiinamisha nikisikia ufunguo wa Ombeni mlangoni. Sikutaka kamwe mwandiko wako unifanye hivyo. Umenibeba mgongoni, ni kweli, na sitasahau. Yule kijana uliyempiga "kidogo tu" naye ni mtoto wa mtu.

Umetaka mstari mmoja na mimi nitakujibu kwa adabu zote, kama tulivyolelewa. Elaine hajambo, mimi sijambo, na Abigael naye hajambo.

Mdogo wako,
Dorotea